Mieleka kwa Macho ya Mama Mkwe

Barazani petu, mtaa wa Kuze, mwaka haufungwi kwa kalenda. Unafungwa Ijumaa ya mwisho, baada ya swala ya alasiri, tunapokaa kuamua mieleka ipi ya kwenye televisheni ilikuwa bora na ipi ilikuwa mbovu. Watu wazima, wengine wana wajukuu, tunabishana mpaka mishipa ya shingo inatutoka juu ya wanaume wa ng'ambo waliovaa chupi zinazong'aa. Msituonee huruma. Na wala msituambie kwamba mapigano yale yamepangwa. Tunajua. Harusi nazo hupangwa, na watu hulia.

Mwamuzi huwa mmoja, na kwa miaka mingi alikuwa ni mimi. Nilikuwa na mahali pangu, pembe ya baraza inayopata kivuli mapema, na neno langu likishatoka ndiyo basi. Sharti ni moja tu: mwamuzi akibainika kakosea nani alimshinda nani, anaiacha ile pembe, analishika dele na kuwamiminia wenzake kahawa mwaka mzima. Aliyekuwa akiitamani pembe yangu ni rafiki yangu mmoja, Mkristo wa bara, dereva wa kreni pale bandarini, aliyehamia mtaani petu zamani hata akajifunza kunywa kahawa chungu bila kukunja uso. Mtu mwema sana, ila ana kumbukumbu mbaya: hasahau kitu.

Mwaka huu hukumu zangu zilikuwa tayari mapema. Uingiaji mbovu ulikuwa wa lile jitu lililoletwa ulingoni ndani ya jeneza, kifuniko kikagoma kufunguka, likabaki kugonga kwa ndani huku mpinzani wake akijikuna. Ubebaji bora ulikuwa wa mwanamke mmoja mfupi aliyemtia mwenzake begani kama gunia la mchele, akazunguka naye mpaka refa ndiye aliyeshikwa na kizunguzungu. Na ovu la mwaka halikutendwa na mpiganaji yeyote. Ni umeme uliokatika wakati mtu yuko juu ya ngazi, vidole vinagusa mkanda wa ubingwa. Uliporudi, walikuwa wanatangaza sabuni. Mpaka leo nikiiona sabuni ile dukani hupita upande wa pili.

Lakini mechi bora ya mwaka, ambayo sikuwa na shaka nayo hata chembe, sikuiona.

Kazi yangu ni kupaka chokaa nyumba za zamani. Siku moja nilikuwa juu ya jukwaa katika nyumba moja ya Ndia Kuu, ndoo ikateleza, chokaa yote ikanimwagikia usoni. Daktari alinifunga macho yote mawili akasema tusubiri. Nikamuuliza tusubiri nini. Akasema tusubiri tuone, neno ambalo kwa hali yangu halikuwa la adabu. Niliogopa. Niliogopa mpaka nikawa nalia ndani ya bandeji, na machozi yenyewe yakiwasha.

Jumamosi alasiri, saa ileile inayoonyeshwa mieleka, mke wangu hufundisha madrasa. Nyumbani nikabaki na mama yake, tunayeishi naye. Sasa, mimi na mama mkwe ni watu wa heshima, na yeye ni wa kale. Tangu nimuoe bintiye tumekuwa tukizungumza pakiwa na pazia kati yetu, mimi ukumbini, yeye chumbani, na sijapata kumwona akila. Na mieleka aliipa jina moja tu: uchi. Jumamosi ile ya kwanza nikasikia pazia linavutwa, kisha kiti kinaburutwa karibu yangu.

"Huoni, kwa hivyo hapana haya," akasema. "Haya, nani ndiye mtu wako?"

Nikamwambia mtu wangu ni yule mkongwe mwenye ndevu nyeupe, na adui yetu ni kipara. Akaizima sauti ya televisheni. Alisema yule mtangazaji hupiga kelele kama anauza samaki wa jana, na msemaji mmoja anatosha.

Mama mkwe hakujua jina la mtego hata mmoja wa mieleka, kwa hiyo alisema alichokiona. "Kamkunja kama mkeka." "Kamkalia kichwani, hana adabu." Kila mpiganaji alipoingia alianza na astaghfirullah, kisha akaeleza mavazi kwa ufupi: huyu kavaa, huyu hakuvaa. Refa akigeuza mgongo wakati mtu anachezewa rafu, alimwapiza yeye na waliomzaa. Nilicheka, na kicheko kilikuwa kimenihama tangu siku ya ndoo.

Ikafika Jumamosi ya mechi ya mwisho ya mkongwe. Walikuwa wamewekeana sharti kwamba akishindwa na kipara, anapoteza mkanda na hapigani tena. Asubuhi ya siku hiyo daktari alinifungua bandeji akanimulika tochi. Niliona weupe mtupu, kama mtu aliyetiwa ndani ya maziwa. Akanifunga tena. Chakula cha mchana sikukigusa. Alasiri mama mkwe akaburuta kiti chake, hakuniuliza nimeambiwa nini, akaanza kutangaza.

Mambo yalikuwa mabaya. Kipara alikuwa na kiti cha chuma, refa alikuwa anatazama pengine, na mkongwe alikuwa chini. Kisha mama mkwe akanyamaza.

"Je, mama?" nikauliza.

"Ngoja." Kiti chake kikalia. "Anainuka."

"Anainuka?"

"Si nimekwambia anainuka. Kamshika shingo. Kamtupa tini. Moya. Mbili. Tatu."

Nikamwuliza ikawaje. Akaniambia mkongwe kauvua mkanda wake, kaubusu, kaulaza katikati ya ulingo, katoka akipunga mkono. Nikauliza kipara je. "Kipara kauokota," akasema. "Mwizi ni mwizi."

Nililia tena, lakini kilio cha namna nyingine, na jioni nikala.

Alhamdulillahi, macho yalirudi, pole pole, la kulia kwanza. Nilipoanza tena kutazama televisheni, mkongwe hayupo na kipara ana mkanda, vilevile nilivyohadithiwa. Pazia nalo likarudi mahali pake.

Basi Ijumaa ya mwisho nikasimama barazani na hukumu yangu. Sikubana maneno. Nilikieleza kile kiti cha chuma, nikanyamaza pale aliponyamaza mama mkwe, nikamwinua mkongwe, nikaulaza mkanda sakafuni kwa mikono yangu miwili. Hakuna aliyekohoa. Nikadhani nimewagusa.

Rafiki yangu wa bandarini akaweka kikombe chini. "Mzee, hiyo mechi mimi niliiona," akasema. "Huyo mkongwe hakuinuka. Alipigwa na hicho kiti, akahesabiwa tatu, wakambeba na machela."

Nikawatazama wengine. Wote walikuwa wameiona, na wakati ule hakuna aliyenitajia, kwa kuogopa kumwongezea mgonjwa ugonjwa.

"Wewe uliiona wapi?" akaniuliza, tena kwa upole.

Juu ya baraza letu kuna dirisha la mama mkwe. Alasiri luva zake huwa zimeinuliwa kidogo, na huwa sihitaji kuuliza nani yuko nyuma yake. Maneno machache yangeniokoa: kwamba mama wa mke wangu, mwanamke asiyekosa swala, alikaa akanitungia uongo. Niyaseme hayo mbele ya wanaume wa mtaa? Heri dele.

"Nilikosea," nikasema. Nikaondoka kwenye pembe yangu, nikalishika dele. Lilikuwa la moto, na rafiki yangu alikuwa ameshaanza kujisogeza kivulini.

"Hakukosea," sauti ikasema kutoka juu.

Tukainua vichwa. Rafiki yangu akasimama wima. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mimi ndiye niliyemwambia. Mimi nilikuwa na mato, yeye hana."

"Lakini mama, yule mkongwe si alipigwa?"

"Kapigwa. Kapigwa vibaya, nikaona. Mtu kafungwa mato, hajui kama ataona tena, chakula hali. Nimwambie na yule mzee naye hakuinuka?"

Mimi nilimimina kahawa nje ya kikombe, nikaunguza kidole, nikashukuru kupata sababu ya macho yangu kulengalenga. Rafiki yangu alikuwa bado amesimama, anatazama luva.

"Basi aliinuka," akasema. "Nimekumbuka sasa, mama. Aliinuka."

Mtu asiyesahau kitu. Ikapita kuwa bora ya mwaka bila kupingwa. Pembe yangu, hata hivyo, hakunirudishia, maana sharti ni sharti, na kusema kweli anaikalia vizuri. Kikombe cha kwanza nilikipandisha ghorofani, nikakiweka sakafuni mbele ya pazia.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa ukumbini peke yangu, kipara anaingia ulingoni na mkanda wake wa kuokota. Nikaliona pazia linatikisika.

"Fumba mato," mama mkwe akasema.

Nikafumba macho. Kiti kikaburutwa, sauti ikazimwa.

"Haya," akasema, "kipara kaanguka." Na mechi ilikuwa bado haijaanza.