Mabehewa Hulala Milango Wazi

Kabla ya kulilaza behewa lolote kwenye boksi, Mzee Dishon Luseno aligonga paa lake kwa ukucha, akaliinua hadi sikioni, akasikiliza. Kisha alisema kwa sauti ndogo, "Hamna mtu," akaliweka. Mzee amefariki mwaka huu, na tabia hiyo hakuiacha siku zote alizokuwa na mabehewa yake.

Tulikuwa majirani Makongeni, kwenye nyumba za reli, ukuta wake na wangu ukiwa mmoja. Alikuwa amestaafu kazi ya kukagua mabehewa kwenye yadi. Sebuleni mwake hamkuwa na makochi. Kulikuwa na ubao mpana wa plaiwudi juu ya matofali, na juu ya ubao reli ya waya iliyozunguka stesheni isiyo na jina. Mabehewa aliyatengeneza mwenyewe kwa makopo ya mafuta ya kupikia, akiyakunja kwa koleo mpaka madirisha yakatokea.

Treni moja tu ndiyo iliyokaa relini. Mabehewa mengine yalikaa kwenye maboksi ya viatu, na namna alivyoyaweka ilinishangaza kuliko namna alivyoyatengeneza. Kila moja lililala ubavu ili ekseli zisipinde, juu ya kipande cha leso kuukuu. Pembeni aliweka kijifuko cha mkaa unyonye unyevu. Hakuwahi kupanga moja juu ya jingine. Milango, midogo kama kucha, aliiacha wazi ikitazama juu, na maboksi hayakuwa na vifuniko.

"Vumbi litaingia, Baba Mourine," nilimwambia siku moja.

"Vumbi hupanguswa, Mama Gitonga."

Alisema akiendelea kulaza behewa jingine.

Tulipopewa notisi ya kuhama, binti yake, Mourine, alimchukua wakakae pamoja Kware, chumba kimoja kwenye ghorofa ya sita. Ubao wa reli haungepita kwenye ngazi, ukaachwa. Mabehewa Mourine aliyapakia baba yake akiwa kanisani. Aliifunga milango yote, akabandika kila mmoja kipande cha selotepu usivunjike njiani, akayapanga kwenye katoni, akaifunga katoni pia, akaisukuma chini ya kitanda. Ilikuwa kazi safi, ya mtu anayempenda baba yake.

Wiki chache baadaye alinipigia simu. "Mama Gitonga, kuja umwongeleshe huyu mzee. Hali, halali."

Nilienda Jumapili baada ya ibada. Kule majumba yamesongamana kiasi kwamba, ingawa mchana ulikuwa haujaisha, nilipanda ngazi nikipapasa ukuta. Ghorofa ya sita kulikuwa na milango miwili tu. Mmoja ulikuwa na kufuli kwa nje. Nilibisha kwenye wa pili.

Mzee alikuwa amekaa kitandani, miguu ameikunja juu, kama mtu ambaye nyumba yake imeingia maji. Alikuwa amekonda.

"Anasema kuna mtu anabisha kwa katoni," Mourine aliniambia, akimenya viazi. "Ni jirani anatwanga njugu. Na hapa landilodi anahesabu watu. Huyo abiria wake nitamlaza wapi?"

"Jirani yako hutwangia njugu chini ya kitanda?" mzee akauliza.

Mourine alicheka, lakini kisu kilikuwa kimesimama kwenye kiazi.

Ndipo mzee akanisimulia. Alikuja Nairobi akiwa kijana, kwa treni ya kutoka Butere, akitafuta kazi. Alipitiwa na usingizi kwenye kitanda cha juu, na alipoamka treni ilikuwa imesukumwa kwenye reli ya kando, milango imefungwa, hakuna mtu.

"Nilibisha mpaka mkono ukavimba," alisema. "Hakuna aliyekuja. Lakini kutoka behewa la pili, mtu akanijibu. Nikibisha mara mbili, naye mara mbili. Tulishinda hivyo. Bila yeye ningekuwa mwendawazimu. Watu wa yadi waliponifungulia nikawaambia, mfungulieni na mwenzangu. Wakafungua. Tupu. Wakanicheka sana. Mmoja akaniuliza kama nataka kazi, nikakubali."

"Ukakubali kwa ajili yake," nikasema.

"Ningemwacha? Nilibisha kila behewa lililoingia yadi mpaka nikastaafu. Hakujibu hata mara moja. Sasa Mourine amefunga selotepu, na anajibu." Akanitazama. "Nikifa kabla hajafunguliwa, nani mwingine anajua yumo?"

Mourine aliacha viazi. Alipiga magoti, akavuta katoni, akaikata kwa kisu kile kile cha viazi.

Tuliyatoa moja moja. Milango ilikuwa imefungwa kama alivyoifunga, selotepu imenyooka. Isipokuwa behewa la kahawia lililokuwa chini kabisa. Selotepu yake ilining'inia, na mlango mdogo ulikuwa wazi.

"Hii niliibonyeza kwa kidole," Mourine alisema. "Nakumbuka."

"Gundi hukauka," nikasema. Kisha nikakumbuka lile kufuli la nje kwenye mlango wa jirani aliyedaiwa kutwanga njugu.

Mzee alilichukua behewa, akagonga paa kwa ukucha, akaliweka sikioni. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akisikiliza.

"Hamna mtu," alisema. Nilikuwa nimemsikia akisema hivyo miaka yote, lakini siku hiyo alisema kama anayetoa habari.

Viazi vilipoiva alikula sahani mbili. Kisha aliniomba niende na mabehewa, kwa kuwa pale hapakuwa na nafasi ya kuyalaza milango wazi. Nilibandua selotepu zote, nikayalaza ubavu kwenye katoni isiyo na kifuniko. Mourine alinifungulia mlango. Ngazi zilikuwa nyeusi. Nilidhani mzee amelala, lakini aliinua kichwa kutoka kwenye mto wa kulalia.

"Shuka polepole, Mama Gitonga," alisema. "Huyo mwenzako hajazoea ngazi."