Barabara Haijaomba Msamaha

Tarehe tatu Novemba, mwaka uliopita, mke wangu aligongwa na gari alipokuwa anavuka barabara kutoka kituo cha basi kwenda kazini, hapa Louisville. Alikufa kabla sijafika hospitali. Alikuwa anapanga maboksi katika ghala lililo ng'ambo ya barabara ile. Mimi nafanya kazi humo humo, zamu nyingine.

Barabara ni pana na magari yanakwenda kasi. Kutoka kituoni mpaka kwenye taa za karibu ni mwendo ambao hakuna anayeutembea akiwa anachelewa kazi, kwa hiyo wote tunaoshuka basi tunavuka palepale. Chini hakuna rangi, juu hakuna taa.

Wakati wa matanga mdogo wangu wa kike alikuja kutoka Buffalo. Tukiwa tunaosha vyombo, aliniambia kwamba mtaani kwao waliinua lami mbele ya shule ili magari yapunguze mwendo.

"Nani alilipa?" nikamuuliza.

"Serikali kuu, na mji ukaongeza. Lakini yaya, kaka yangu, watu waliomba. Ninyi mliomba?"

Hatukuwa tumeomba. Nyumba ilikuwa imejaa watu wanaovuka pale kila siku, na hakuna aliyewahi kuomba kitu.

Nikaenda kwenye mkutano wa ofisi ya mji inayoshughulikia barabara, pamoja na watu wachache wa kanisa letu. Mama wa ofisi alieleza taratibu, mkalimani akigeuza kwa Kiswahili. Fedha za usalama wa waenda kwa miguu na wa baiskeli zinapelekwa kwanza mahali ambapo polisi wameandika ajali nyingi. Pale petu iliandikwa moja tu, ya mke wangu. Tena barabara yenyewe ni ya jimbo, si ya mji, na mji hauwezi kuomba fedha hizo kama haujatenga fungu lake.

Mama mmoja mzee wa kwaya akainua mkono.

"Mimi niligongwa pale. Mguu huu."

"Polisi walikuja?"

"Waje kufanya nini? Dereva alishuka, akalia kuliko mimi. Tukasali. Bon, nikampa na maandazi yangu, maana alikuwa anatetemeka."

Watu wakacheka, hata mkalimani. Mama wa ofisi hakucheka. Alisema anasikitika, lakini ajali ambayo haikuandikwa haihesabiwi.

"Mguu huu hapa," akasema mama mzee. "Uhesabu."

Nyuma yangu wengine walianza kunong'ona. Huyu aligongwa na kioo cha gari, yule aliangushwa na gari akiwa juu ya baiskeli yake. Hakuna aliyeita polisi. Ndivyo tulivyo sisi watu wa milima ya Kivu ya Kusini: mtu akishuka, akaomba msamaha, tunasali naye na kumwacha aende zake. Mama wa ofisi alituacha tumalize, kisha akasema kuna fungu jingine dogo, la kupima na kupanga tu, si la kujenga. Hilo linapokea maneno ya wakazi. Walioumia waje waseme.

Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alikataa.

"Watu wale tuliwasamehe. Leo twende kuwasema serikalini? Huo ulikuwa msamaha gani?"

Mimi si msemaji, na shule yangu iliishia ya msingi. Nikasimama hivyo hivyo.

"Hakuna atakayemsema dereva. Mseme mahali. Madereva wenu waliomba msamaha, sawa. Barabara haijaomba. Mimi siisamehe, na msiisamehe kwa niaba yangu."

"Unaongea kwa uchungu, papa," akasema mzee wa kanisa; papa kwetu ni baba.

"Ndiyo. Ulitaka niongee kwa kitu gani?"

Mama mzee akachukua mkoba wake, akaniuliza ofisi inafunguliwa saa ngapi.

Wengi walikwenda, yeye akiwa wa kwanza. Wengine hawakwenda, na mzee wa kanisa hakwenda. Tunasalimiana, basi. Mimi niliendelea kurudi ofisini kila nilipotoka zamu, na nguo za kazi.

"Ni wewe tena, papa," mkalimani akanitania.

"Ni mimi. Na wiki ijayo ni mimi."

Baridi ilipoisha walikuja wafanyakazi wawili na gurudumu la kupimia. Walikuja kupima tu. Jimbo halijakubali kivuko, mji haujatenga fungu lake, na hakuna aliyeniahidi kitu. Waliniuliza watu huwa wanavukia wapi. Nikawaonyesha kwa mkono, wakasema hawajaelewa vizuri. Nikangoja magari yapungue, nikavuka mbele yao, nao wakanifuata na gurudumu lao. Upande wa pili mmoja akasoma namba, mwenzake akaiandika.