Matawi ya Kwenye Kona

Nasema wazi tangu mwanzo: kwenye ile kona hakufa mtu. Nilikuwepo. Lori la mahindi lilivunjika ekseli asubuhi moja ya masika, ukungu umetanda, na dereva na utingo wake wakafanya kama wanavyofanya wote. Wakakata matawi, wakayatandaza barabarani mbele na nyuma ya gari ili wengine wasije wakawavaa. Jioni wakatengeneza, wakaondoka, matawi wakayaacha. Hao watu hawajawahi kuokota matawi yao mpaka leo.

Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya hiyo kona, kando ya barabara kuu itokayo Tunduma kwenda Sumbawanga. Nilipokuwa mdogo kabisa ungeweza kuanika ulezi katikati ya barabara ile na kuuanua jioni. Kisha ikawa ruksa kila mwenye fedha kununua mahindi popote, na malori ya Dar es Salaam yakaanza kumiminika, vumbi mpaka kwenye uji. Baba alikuwa karani wa ushirika. Ushirika ukafa, ghala likafungwa, akaanza kusindikiza mizigo ya wafanyabiashara. Siku chache baada ya lile lori kuharibika, naye alipanda jingine kwenda Dar, amevaa koti lake la kahawia, akasema atarudi kabla ya mavuno.

Sasa, kwetu ukipita mahali mtu alipofia njiani, unachuma tawi bichi, unaliweka, unaendelea bila kugeuka nyuma. Huulizi maswali. Basi watu waliotoka kanisani wakakuta matawi na lori halipo. Wakaongeza ya kwao. Waliofuata wakakuta mengi zaidi. Hata yule Msukuma aliyehamia juzi tu na ng'ombe wake, asiyejua chochote cha pale, naye akaweka! Rundo likapanda, na madereva wakaanza kulipigia honi. Unakuwa ndani, ukungu umefunika hata zizi hulioni, mara unasikia honi ndefu inalia huko chini. Nilikuwa naogopa, jamani, naingia chini ya kanga ya mama.

Mama hakuwa mtu wa kuogopa. Alilisimamisha lori moja kwa mwiko mkononi.

"Mnampigia nani honi?"

"Shikamoo mama. Si kuna mtu alifia hapa?"

"Nani?"

"Mimi sijui, mama. Nilikuta wenzangu wanapiga."

"Basi wewe usipige! Hapa hakuna mtu!"

Dereva akamwangalia mama, akaliangalia rundo, akapanda gari lake taratibu. Alipofika kwenye kona akapiga.

Mavuno yakaja, baba hakuja. Ndipo yule marehemu asiyekuwepo akaanza kupata mwili. Wanawake waliotoka mnadani walisema ni mwanamume. Abiria kutoka Mwimbi wakasema ni mrefu. Kisha tukasikia amevaa koti la kahawia. Mimi najua koti lilitoka wapi: majirani walikuwa wanamuuliza mama kila siku baba aliondoka amevaa nini, na kilichotoka mlangoni kwetu kikazunguka huko barabarani na kuturudia kama habari mpya. Lakini nenda kamweleze hivyo mzazi ambaye mwanawe hajarudi.

Bibi, mama yake baba, alishuka akasimama mbele ya lile rundo, akapanda tena. "Ni yeye," akasema.

"Mama, lori la siku ile nililiona kwa macho yangu. Halikumgusa mtu," mama akamwambia.

"Wewe utaolewa tena. Mimi nitamzaa wapi mwingine?"

Mama akaacha kubishana. Ila kaniki ya msiba alikataa kuivaa. Alisema akiivaa atakuwa amemuua mumewe mwenyewe. Bibi akanyoa nywele, ukoo ukakusanyika, baba mkubwa akatoa amri ulezi ulowekwe. Na hapo ndipo penye uzito, maana kwetu pombe ya kumaliza msiba ikishanywewa, mtu ameshasindikizwa. Humwiti tena. Shangazi zangu ndio waliosaga ulezi, mama aligoma. Siku ya kunywa alinichukua tukaenda kuchimba viazi kana kwamba ni siku ya kawaida, na kutoka shambani tulisikia nyimbo za msiba zikichanganyika na honi. Alichimba huku analia, hakusimama hata kidogo. Nilimchukia kila mtu siku ile.

Baba alirudi mvua zilipoanza tena. Ilikuwa asubuhi, nimekaa mlangoni, nikaona koti linatoka kwenye ukungu kabla sijamwona mtu. Nilipiga ukelele hadi sauti ikakauka. Mama alimshika mikono, akamshika masikio, kama anayemkagua mbuzi mnadani, akampiga kofi, ndipo akamkumbatia. Homa ya matumbo ilimlaza huko Dar miezi mingi. Alituma salamu kwa madereva. Salamu ziliishia huko huko njiani.

Bibi akatoka jikoni.

"Shikamoo mama," baba akasema.

"Marahaba. Karibu, mgeni."

Akampa kigoda. Akachinja kuku.

Watu husema bibi alichanganyikiwa. Upuuzi mtupu! Alimjua kuku wake mmoja mmoja, na mbuzi akiingia kwenye maharage alijua ni wa nani kabla hujageuza shingo. Alikuwa ameshamsindikiza mwanawe, basi, na njia ya kumwita tena hakufundishwa na mtu. Baba alijaribu kila kitu. Alimsimulia mambo ya utotoni. Akapandisha suruali akamwonyesha kovu la goti. Bibi akalitazama kwa heshima zote.

"Kweli," akasema. "Na wangu alikuwa nalo kama hilo."

Baba alitoka nje. Sijawahi kusikia mtu mzima akilia vile.

Bibi hakuacha kwenda kwenye kona kila asubuhi. Siku moja baba alikata tawi akamfuata, nami nikawafuata, baridi inauma na ukungu unatuloanisha nywele. Bibi aliweka lake. Baba akaweka lake pembeni. Wakasimama bega kwa bega, mimi nyuma yao.

"Na wewe ulimfahamu?" bibi akauliza.

Baba akalitazama rundo. "Nilimfahamu, mama."

"Huko mbali alikuwa ananitaja?"

"Kila siku."

"Alisemaje?"

"Alisema atarudi."

Bibi akatikisa kichwa. "Hakurudi."

Baba akauchukua mkono wake, akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Hakurudi, mama," akasema.