Kuku wa Majengo Hahami

Jopo la idara lilinipa amri, likaiita ushauri: niuhamishe utafiti wangu kutoka mtaa wa Majengo niupeleke kwenye shamba tulivu nje ya mji, au niuache. Nachunguza jinsi kuku na vifaranga wake wanavyoitana. Rekodi zangu, walisema, zina nyundo nyingi kuliko kuku. Mmoja wao alipoona picha ya vifaranga wa zambarau, akaniuliza kama nimefungua sarakasi.

Nikamweleza kwamba Majengo vifaranga hupakwa rangi ili mwewe awaogope. Kama mwewe huogopa kweli, sijui. Mwewe wa huku ameona mengi. Kilichonivuta mimi ni mama yao. Anamjuaje mwanawe ambaye jana alikuwa wa manjano na leo anafanana na biringanya?

"Hilo unaweza kuliuliza shambani," akasema msimamizi wangu.

"Shambani hakuna anayewapaka rangi," nikasema. "Na kuku wa Majengo hakuja Majengo kutafuta utulivu."

Nilikuwa nimekaa na kuku wale misimu miwili ya mvua. Kuhama kulimaanisha kuanza upya, na muda wa kuanza upya sikuwa nao. Nikamwomba msimamizi aje aone kwa macho yake kabla hajatia sahihi amri ile. Akaja Jumamosi, amevaa viatu vya kukanyagia zulia la ofisi.

Mwenye kuku ni mama mpika mahamri, wazazi wake walitoka Pwani. Ua wake umepakana na fundi wa masanduku ya bati, ambaye hajui kugonga polepole.

"Karibu, mwalimu," mama akamwambia, kisha akanigeukia mbele yake. "Ndiye huyu anayetaka kuhamisha kuku wangu?"

"Kuku hahami, mama. Ni mimi."

"Afadhali. Kuku ana kazi."

Nikahesabu vifaranga, nikahesabu tena, kwa sababu paka wa jirani alikuwa ameketi ukutani akijifanya mgeni. Nikamchukua mmoja, nikamfunika kwa bakuli zito la kioo hatua chache kutoka kwa mama yake. Alionekana wazi, zambarau kama askofu, mdomo ukifunguka na kufungika, sauti haitoki. Kuku akampita akichakura. Akarudi, akampita tena.

Nikamtoa pale, nikamweka ndani ya katoni yenye matundu, nyuma ya pipa la maji. Sasa haonekani kabisa, na nyundo zinalia hivi kwamba hata mimi simsikii. Kuku akainua shingo. Akangoja. Fundi alipoinua mkono, katika ule upenyo mdogo kati ya pigo na pigo, kuku akakimbia moja kwa moja hadi kwenye katoni na kuanza kuidonoa.

Msimamizi akachutama, akasahau viatu.

"Mwambie fundi anyamaze kidogo, turudie."

"Hapana. Kuku anasikiliza katikati ya nyundo. Tukizinyamazisha, tumeufuta utafiti wenyewe."

"Jopo halitakubali rekodi hizi."

"Basi likatae likijua linakataa nini. Mimi sihami."

Akajipangusa magoti, akamtazama kuku kwa muda. "Fanya hivi. Nusu hapa, nusu shambani."

Mimi nimelelewa na muuza mitumba wa soko la Gikomba. Mtu akikupa nusu kabla hujamsukuma, jua mali ameipenda.

"Yote hapa," nikasema.

"Una kichwa kigumu."

"Ahsante."

Akamshukuru mama, akatoka zake uani. Mama akanivuta mkono.

"Mwite, mwanangu. Utampoteza."

"Nikimwita, nimeshusha bei."

"Ringa tu. Mahamri ninayo mimi, shahada huna wewe."

Alikuwa na haki. Hata hivyo sikumwita. Nilisimama pale na katoni mkononi, kifaranga akilalamika ndani na mama yake akinipanda miguuni, nikitazama mgongo wa msimamizi ukienda.

Alipofika mlangoni pa fundi, akasimama. Akaitazama nyundo ikipanda na kushuka, ikipanda na kushuka. Kisha akageuka, akalazimika kupaza sauti ili nimsikie.

"Hiyo maikrofoni yako huwa unaiweka upande gani wa huyu bwana?"