Hori la Mita Kumi na Mbili

Nikisikia mtu ofisini akijisifu kwamba amemaliza mchoro kwa dakika mbili, kinyaa hunipanda mpaka kooni. Nami nilikuwa najisifu vivyo hivyo.

Kazi yangu hapa Garissa ni kuchora kwa kompyuta: vyoo vya shule, mabweni, matangi, mahori ya kunyweshea mifugo. Siku moja mkubwa wetu aliniletea ombi kutoka Eldas. Wafugaji walitaka hori la kisima chao liongezwe urefu, kutoka mita sita hadi kumi na mbili, mifugo wapange mstari bila kukanyagana. Ningeweza kushika ncha moja ya hori kwenye mchoro wa zamani, niivute, halafu nirekebishe yaliyobaki. Hiyo ni kazi ya asubuhi nzima. Au ningechagua mchoro wote, nionyeshe urefu wa zamani, niandike urefu mpya, na programu ikuze kila kitu kwa mpigo mmoja. Hiyo tunaiita kupiga skeli. Nikapiga skeli.

Mchoro ukapendeza. Vipimo vilijibadilisha vyenyewe, hakuna namba iliyogombana na mwenzake.

"Mashallah," mkubwa alisema. "Wengine wangekaa hapa siku nzima."

Akatia sahihi bila kuuliza kitu, nami nikaenda kunywa chai nikijiona bingwa.

Sikutazama kimo. Ukuta wa sentimita arobaini, unaomfikia mbuzi kifuani, sasa ulikuwa sentimita themanini. Mimi niliyekua nikitembea nyuma ya mbuzi, sikutazama.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Eldas kumwona shangazi yangu, dada wa baba. Mbuzi wake ndio walionisomesha, na hadi leo hana tegemeo lingine. Nilimkuta kisimani, na harufu ya pale ilinipokea kabla yake.

Hori lilikuwa limejengwa sawasawa na nilivyolichora, na hilo ndilo lililonichoma. Ngamia walikunywa vizuri. Mbuzi hawakufikia, kwa hiyo wenyeji walikuwa wamepanga mawe chini ya ukuta ili wapandie. Maji yakipungua, mbuzi huinama zaidi, hutumbukia, na kutoka hawezi. Asubuhi hiyo mmoja alikutwa anaelea, tumbo limevimba, nzi wamejaa machoni, maji yenyewe ya kijani na samadi juu yake. Wanaume wawili walimvuta kwa miguu, manyoya yakawabakia viganjani. Alikuwa mbuzi wa tatu wa shangazi kufa humo.

Si hayo tu. Hori lilikuwa limeongezeka urefu, upana na kina kwa pamoja, likawa linameza maji mara nane ya lile la kwanza. Tangi la kisima likishamwagwa humo, bomba la watu hukauka kabla ya adhuhuri. Basi watu nao huchota horini.

Simu yangu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa mkubwa: "Banissa wanataka hori kama la Eldas, la mita kumi na nane. Wewe piga skeli tu, nataka leo."

Nilitamani kuitupa simu humo humo ndani. Nilimjibu kwamba la Banissa nitalivuta kwa ncha, kimo kibaki sentimita arobaini za zamani, na leo halitakuwa tayari. Sikujiona msafi hata kidogo baada ya hapo.

Nyumbani shangazi alinimiminia chai. Nilijua maji yake yametoka wapi. Nikakishika kikombe bila kukinyanyua.

"Eeddo," aliniambia kwa lugha yetu, kwa maana kwetu shangazi humwita mpwa kwa jina lile lile analoitwa yeye. "Huyo aliyechora lile hori hajawahi kumwona mbuzi kwa macho yake."

Ningeweza kuitikia tu, tukamlaani mtu huyo pamoja. Nilijichukia kwa jinsi nilivyokaribia kufanya hivyo.

"Ni mimi, eeddo," nikasema. "Nilikuwa na haraka."

Hakunigombeza. Alinitazama, kisha akakitazama kikombe changu, bado kimejaa.

"Kunywa chai," akasema. "Maji hayo sisi tunayanywa kila siku."