Vibao vya Njia ya Kwao

Tangu boksi limwangukie kichwani ghalani alikofanya kazi huko Granville, ughaibuni, Mama Léonie alikuwa akiingia jikoni na kusahau alichofuata. Gakii, mwanasaikolojia Mkenya, akampima ile kumbukumbu inayoshikilia jambo wakati akili inalifanyia kazi. Aligusa vibao vya mbao mezani, kimoja baada ya kingine, Léonie naye aviguse kwa mfuatano uleule. Akilini Léonie akavigeuza kuwa nyumba za kwao Kivu, kuanzia kwa mamake hadi sokoni, akapatia vyote.

"Sasa rudi kinyumenyume, mama."

Hapo ndipo wengi huchemsha. Yeye alirudi taratibu, nyumba kwa nyumba, mpaka kwa mamake.

"Vizuri sana! Toa kidole, tuendelee."

"Ngoja kwanza, mwanangu," Léonie akasema, kidole kimeganda palepale. "Ndiyo kwanza nimefika."