Mtembeza wageni anayeogopa kivuli

Saa tano asubuhi, na wageni wa Mafalda Costagliola wanaungua na jua. Wamesimama katikati ya uwanja wa Rione Terra, mtaa mkongwe kuliko yote mjini Pozzuoli. Hatua chache kutoka walipo kuna kivuli kizito chini ya kuta. Mwanamume mmoja wa Milano, amejifunga leso kichwani, anaishiwa na subira.

"Bibie, si tusogee pale kivulini? Tutakusikia tu."

"Pale hapana," anajibu Mafalda bila kugeuka.

"Kwani pale pana nini?"

"Kivuli."

Wageni wanacheka, wanadhani ni utani wa watu wa kusini. Mafalda naye anatabasamu, maana tabasamu ni sehemu ya kazi, kisha anaendelea kuwasimulia habari za hekalu la Kirumi lililogeuzwa kanisa. Lakini macho yake hayako kwenye hekalu. Yako juu, kwenye kingo za mapaa na roshani.

Mji huu hauna miti mingi. Kivuli chake ni cha ukuta, na Aprili iliyopita ukuta ulimfunza adabu. Alikuwa amewaketisha wastaafu kumi na mmoja kwenye ngazi karibu na bandari ili wapumzike. Mzee mmoja akaomba msalani, kundi zima likanyanyuka kumsindikiza. Hawajafika hata kwenye kona, ardhi ikatikisika, na kipande cha ukingo wa paa, kikubwa kama sanduku la safari, kikaanguka pale pale walipokuwa wameketi.

"Yule mzee angekuwa na kibofu kizima, ningewazika wote," anasema. "Tangu siku hiyo nawaanika. Wanaandika kwenye mtandao kwamba mimi ni katili. Waandike."

Mafalda ana umri wa miaka hamsini na moja, na kazi hii ameifanya kwa miaka ishirini na miwili. Anatoza euro kumi na tano kwa kichwa, na mwaka huu vichwa vimepungua kwa nusu. Wanaokuja, wengine wanakuja kwa sababu isiyomfurahisha.

"Wananiuliza ardhi itatikisika saa ngapi," anasema. "Kama vile mimi ndiye ninayeitikisa."

Hapa, juu ya volkano iliyojificha chini ya mji, ardhi inapanda na kushuka, na kwa miaka kadhaa sasa inapanda. Imeinua bandari hadi mashua nyingine zimekaa kwenye tope. Kila inapopanda inatetemeka, na watu wamejifunza kuishi nayo kwa mzaha. Kwenye baa ya Procolo, karibu na soko la samaki, tetemeko likipita tu wateja wanakisia ukubwa wake kabla ya taarifa kutoka. Anayekosea zaidi ananunua kahawa.

"Mbili na nusu," anasema mmoja asubuhi hiyo, kikombe bado mkononi.

"Mbili na nusu ya wapi? Wewe na mke wako mkigombana mnatikisa zaidi ya hilo," anajibu Procolo, akifuta kaunta. "Taarifa hii hapa: moja nukta nane. Lete hela."

Zamani Mafalda alikuwa bingwa wa mchezo huo. Siku hizi anakunywa kahawa yake amesimama mlangoni, mguu mmoja nje.

Lakini hofu yake kubwa haiko kazini. Iko ghorofa ya nne, kwenye nyumba anayoishi na mama yake, Titina, mwenye miaka themanini na moja. Kwa miezi amembembeleza ahamie mji wa Caserta, mbali na matetemeko haya, kwa binti yake mwingine, na kwa miezi amegonga mwamba. Machi 1970, ardhi ilipopanda hivi hivi, askari walimtoa Titina nyumbani kwake Rione Terra, pamoja na mtaa mzima, wakiahidi kwamba ni kwa siku chache. Hakurudi kulala humo tena.

"Maharage yangu yako motoni kule mpaka leo," Titina aliniambia mimi mwandishi nilipomtembelea. "Nilishahama mara moja. Inatosha. Anayeogopa aende."

Kwa hiyo Mafalda hutembeza wageni huku sikio likiwa nyumbani. Kila tetemeko likipita anampigia mama yake simu, na mama hujibu upesi, kwa jeuri ile ile: "Niko jikoni, sijafa. Rudi kazini."

Tumeshuka sasa hadi kwenye nguzo za soko la Kirumi, zenye matundu yaliyotobolewa na kome wa baharini enzi bahari ilipozimeza. Mafalda anaonyesha matundu hayo kwa haraka. Ghafla kishindo kinatoka chini, kama lori limegonga sakafu ya dunia, na ardhi inatupa teke. Uzio wa chuma unalia. Kijana mmoja anapiga makofi, kisha anaacha. Mwanamume wa Milano amemshika Mafalda mkono na hamwachii.

"Limekwisha," anasema Mafalda. "Kaeni hapa hapa, mbali na kuta."

Anapiga simu. Inaita mpaka inakatika. Anapiga tena. Inaita. Uso wake unabadilika rangi mbele yetu.

"Nisameheni," anawaambia wageni. "Mama yangu hapokei."

Anakimbia, nami nyuma yake. Kwenye baa ya Procolo wote wako barabarani, na hakuna anayekisia namba. Mimi pia naogopa, sitaficha. Nawaza ngazi za ile nyumba, nawaza kabati refu la vyombo jikoni.

Hatukufika kwenye ngazi. Titina ameketi kwenye benchi katikati ya uwanja wa bandari, na gauni lake la nyumbani, na ndara, mkoba umekumbatiwa mapajani.

"Mama! Unafanya nini hapa?"

"Napunga upepo."

"Na mkoba?"

Mafalda anaufungua. Ndani mna dawa, kitambulisho, nguo ya kulalia na picha ya marehemu baba yake Mafalda.

"Unashuka tangu lini?"

"Tangu Aprili."

"Kila mara? Na ile niko jikoni, niko jikoni?"

"Nilikuwa najibu nikiwa hapa. Leo nimesahau simu juu." Titina anaufunga mkoba. "Ulitaka nikwambie naogopa? Nani basi angekutoa nyumbani asubuhi uende kazini?"

Mafalda anaketi kando yake. Mabega yao yanagusana.

"Haya," anasema Titina. "Nipeleke Caserta. Jumapili. Ngazi zimenichosha kuliko matetemeko."

Mafalda anambusu kichwani. Nilidhani atafurahi. Analia, na si kilio cha furaha.

"Na wewe?" mama anauliza.

"Mimi nina kazi, mama."

"Miezi yote hii unawaambia watu umebaki kwa ajili ya mama. Sasa mama anaondoka. Tafuta sababu nyingine, mwanangu."

Jioni, baada ya kuwaomba radhi wageni na kuwarudishia nusu ya malipo yao, Mafalda ananionyesha namba kwenye simu yake. Ni ya mwanamke wa Caserta anayetafuta watembeza wageni kuanzia Septemba. Ameihifadhi tangu Mei.

"Kule sijui jiwe hata moja," anasema. "Hapa nayajua yote, na yote nayaogopa. Mama nilimtumia kama kufuli. Nilijua hatahama, ndiyo maana nilimpigia kelele ahame."

Anaweka simu mezani, anaichukua tena.

"Tumaini langu ni dogo," anasema. "Nipige namba hii kwa hiari yangu, kabla ardhi haijaniamulia."

Hadi tulipoagana alikuwa hajaipiga.